Makaa Katikati ya Meza

Somo letu ni Yohana 21:9–17.

Safari moja tulikuwa Osaka, Japani, sisi mume na mke. Jioni tukaenda Tsuruhashi, mtaa wa Wakorea wengi, kula yakiniku, yaani nyama ya kuchoma, ambayo asili yake ni mapishi ya Wakorea. Huko mchomaji hakuletei nyama iliyoiva. Jiko dogo la makaa limo katikati ya meza. Nyama huja mbichi, vipande vyembamba, nanyi mnajichomea kwa koleo.

Tulikuwa tumenuniana tangu asubuhi. Tulitaka kula kimya, kila mtu na lake. Lakini vipande vile huiva upesi. Ukigeuza uso, vimeungua. Ikabidi mmoja ageuze, mwingine akinge sahani. Kabla jiko halijapoa, tulikuwa tumeombana msamaha.

Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa. Bwana alipofufuka hakumfukuza. Alimngojea ufuoni penye makaa mengine, samaki na mkate. Alimlisha kwanza, ndipo akamwuliza habari za upendo.

Ndugu msikilizaji, ni nani mliyenuniana naye nyumbani? Huna haja ya kwenda Japani. Jiko lako latosha. Jioni ya leo keti naye, umpakulie wewe kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetutangulia kwa kutusamehe, utufundishe kuwatangulia wenzetu. Amina.