Taa Nyekundu ya Oili: Maneno Juu ya Pampu ya Injini

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kilichofichwa tumboni mwa motokaa, nacho ni pampu ya oili. Wengi waliopanda gari miaka mingi hawajapata kukiona, na madereva wengi hukikumbuka siku ile tu kinapowatia hasara.

Kazi yake ni hii. Oili hukaa chini ya injini katika bakuli ambalo mafundi huliita sampu. Injini izungukapo, pampu huinyonya oili hiyo kupitia chujio la waya, huisukuma katika filta, kisha katika njia nyembamba ziendazo kwenye krenki na juu kwenye valvu. Huko oili hufanya utando mwembamba kati ya chuma na chuma, visigusane. Zamani mambo yalikuwa mengine. Ford Model T, iliyoundwa tangu 1908 hata 1927, haikuwa na pampu ya oili kabisa; gurudumu zito la injini liliichota oili na kuirusha, nayo ikateremka kwa uzito wake yenyewe. Injini ile ilikwenda polepole, ikavumilia. Injini za leo huzunguka mara 3,000 na zaidi kwa dakika, na pampu ikikoma, ni shida injini kufika salama kutoka Nyakato hata Igoma.

Dalili ya kwanza ni ile taa nyekundu yenye sura ya birika. Hapa twasema wazi: taa hiyo ikiwaka gari likiwa safarini, dereva na asimame pembeni mahali pa salama, azime injini mara moja. Asingoje kituo cha mbele. Twajua si neno jepesi. Dereva wa daladala ana abiria watakaodai nauli yao, tena ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni. Lakini katika magari mengi taa hiyo haiwaki mpaka presha imekaribia kwisha. Haionyi juu ya kesho, yatoa habari ya saa ile ile. Beringi zikisagika, krenki hukwaruzika, injini hunoki, na bei ya injini hailingani na hesabu ya siku moja. Kwa maoni yetu lawama si ya dereva peke yake. Tajiri amwadhibuye dereva kwa sababu alisimama, huyo amejinunulia hasara kwa mkono wake.

Hata hivyo, kuwaka kwa taa si ushahidi kwamba pampu imekufa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye gari huambiwa anunue pampu, hununua, na taa huwaka vilevile. Yafaa kwanza kutazama kijiti cha kupimia oili, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. (Katika mji wetu huu wa mawe na miteremko, mahali tambarare hupatikana kwa kutafuta.) Oili ikiwa ya kutosha, fundi na afungue swichi ya presha, afunge geji mahali pake. Injini ikiwa moto, mafundi wengi hutazamia ratili 10 hivi kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000, lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kuaminiwa zaidi. Geji ikionyesha presha njema, basi swichi au waya wake ndio mbovu, na swichi ni kitu cha bei ndogo.

Presha ikiwa ndogo kweli, bado sababu ni nyingi. Yamkini oili ni nyepesi mno, au chujio la kunyonyea limezibwa na matope meusi ya oili iliyokaa kupita muda wake, au valvu ya kupunguzia presha imekwama wazi. Na kama beringi zimelika, oili hupita ovyo bila kizuizi, wala pampu mpya haitaponya ugonjwa huo. Upungufu huo huonekana zaidi injini ikiwa moto nayo inanguruma polepole. Kwa hiyo zamani, kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwezi wa Juni 2025, foleni ya kungojea pantoni ilikuwa mahali pazuri pa kuitazama taa hiyo kama yapepesa.

Ikithibitika kwamba pampu ndiyo mbovu, ijulikane kwamba mahali pake si pamoja katika kila gari. Katika injini nyingine imo ndani ya sampu, katika nyingine imefungwa mbele na kuzungushwa na krenki. Katika injini ya 3S-FE, iliyotiwa katika Toyota Noah za kwanza, huzungushwa na mkanda wa taimingi. Basi mkanda huo ubadilishwapo, ndiyo saa ya kuitazama sili ya pampu kama yavuja.

Sampu ikiisha kufunguliwa, ioshwe kwa mafuta ya taa ikaushwe, na chujio lisafishwe hata waya wake uonekane. Ringi ya mpira ya bomba la kunyonyea iwe mpya, maana ya zamani hupitisha hewa, na pampu inyonyayo hewa haina kazi. Gundi ya silikoni ipakwe kidogo tu. Wengine huipaka kama lishe ya mtoto. Ile inayozidi humenyeka kwa ndani, huanguka katika oili, nayo huliziba chujio lile lile tulilolisafisha. Pampu mpya itiwe oili ndani kabla ya kufungwa, kwa kuwa iliyo kavu hunyonya kwa taabu. Filta nayo iwe mpya.

Kisha moto wa plagi na petroli vikatwe, na injini izungushwe kwa stata kwa vipindi vifupi hata taa izimike. Ndipo iwashwe. Taa ikiwaka tena na kudumu sekunde 10, izimwe, kazi itazamwe upya.

Oili chafu iliyotolewa isimwagwe mtaroni. Mitaro mingi ya mjini humwaga katika Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani, na maji ya bomba tunywayo huvutwa katika ziwa hilo hilo, pale Capri Point. Itiwe katika dumu lenye kifuniko, ipelekwe kwa wakusanyao oili chafu.