Taa Nyekundu na Kona ya Karibu



Nimeombwa niseme machache juu ya safari na masomo. Nitasema juu ya kitu kimoja tu, taa nyekundu ya barabarani, kwa kuwa nusura initie hatiani kwa damu ya mtoto wa watu.

Shahada ya pili niliisomea Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Wenzetu wale huendesha magari upande wa kulia. Dereva akikuta taa nyekundu husimama kabisa, hutazama, na njia ikiwa wazi hukata kona ya kulia bila kungoja kijani. Majimbo ya magharibi yalikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Mengi ya mashariki yalifuata baada ya shida ya mafuta ya 1973, kwani sheria ya 1975 iliyasukuma yasiache petroli iungue bure kwenye taa.

Siku moja niliendesha kilomita zipatazo 600 hadi jiji la New York lenyewe, nikakata kona vile vile. Askari akanisimamisha. Jimbo ni lile lile, lakini ndani ya jiji ni marufuku mpaka uone kibao cha kuruhusu. Montreal nako ni hivyo: Quebec iliruhusu mwaka 2003, kisiwa cha Montreal kikabaki na katazo lake. Wajerumani wa Mashariki walianza mwaka 1978 kutundika kibao cha mshale wa kijani kando ya taa, na mwaka 1994 Ujerumani nzima ikakipokea. Hata penye mshale, lazima kwanza usimame. Mimi naona hao ndio walioafiki, maana kila njia panda hupimwa peke yake.

Nikarudi Dar es Salaam na mazoea yangu, nimeyahamisha tu kutoka kulia kwenda kushoto. Kwetu nyekundu ni kusimama, nami nilijua. Asubuhi moja, nikiwa nimechelewa ofisini, nilifika kwenye taa nyekundu, nikatazama kulia yanakotoka magari, sikuona kitu, nikakata kushoto. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe: jicho la dereva liko kulia, na mwenda kwa miguu anashuka kutoka kushoto, akiifuata taa yake ya kijani.

Mvulana wa shule, shati jeupe, alikuwa mbele ya boneti. Breki zilishika. Madaftari yake yalitawanyika, na kiganja chake kilikuwa juu ya boneti kana kwamba yeye ndiye aliyelizuia gari. Niliteremka nikitetemeka, tukayaokota pamoja. Nikiwa bado natafuta la kusema, akanitangulia:

"Shikamoo, mzee."

Sikuweza kuitikia. Akavuka, na taa yangu ilikuwa ingali nyekundu.