Mtoto Mchanga na Maji: Anayefundishwa Kwanza ni Mzazi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwanzisha mtoto mchanga kuogelea bila kumhatarisha. Waliokuja wakitarajia mbinu ya kumfanya mtoto wa miezi sita aelee mwenyewe watanisamehe, maana haipo. Mtoto wa umri huo anazoea maji tu. Anayejifunza ni mzazi: namna ya kumshika, muda wa kumtoa, na mahali pa kukaza macho.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza mwaka 2019 kwamba masomo ya kuogelea yanaweza kupunguza hatari ya kuzama kuanzia umri wa mwaka mmoja. Kwa walio chini ya hapo hakikuona ushahidi. Kwa hiyo mama anayelipia bwawa la hoteli kwa ajili ya mwanawe wa miezi mitano ajue ananunua furaha, na furaha si kitu kibaya, ila kinga hajainunua.

Zile video za vichanga wakipiga mbizi zimewadanganya wengi. Kichanga akipatwa na maji usoni, mwili wake hufunga njia ya pumzi wenyewe. Huo ni mwitikio wa kuzaliwa nao, nao huanza kufifia anapokaribia miezi sita. Haumzuii kumeza maji, na akimeza mengi, chumvi katika damu yake hushuka hata akapata degedege. Msimzamishe kichwa, hata kama mwalimu anasema ndivyo wanavyofanya wenzetu.

Bwawani, jambo la kwanza ni joto. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita maji yawe kama nyuzi joto 32, na mabwawa yetu mengi ya wazi hayafiki hapo asubuhi. Keti naye kwenye ngazi, umlowanishe miguu, kisha tumbo, kisha mabega. Ingia naye kifua kwa kifua, maji yasikupite kifuani. Akishatulia, msogeze mbele yako ukiwa umemshika chini ya makwapa, kidevu chake juu ya maji, macho yenu yakitazamana. Mara ya kwanza dakika 10 zinatosha. Midomo ikianza kubadilika rangi au akitetemeka, mtoe hapo hapo, mfute, mfunge taulo na kanga, kisha mnyonyeshe. Kama anaharisha, abaki nyumbani. Nepi ya kuogelea haizuii vijidudu. Jua la saa sita nadhani halihitaji mhadhara.

Kuhusu maboya ya kuvaa shingoni yanayouzwa mitandaoni, msinunue. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake, ikitaja kifo cha mtoto mmoja. Hata boya zuri la mkononi ni la kuchezea, halichukui nafasi ya mkono wa mtu mzima.

Kwa sisi wa pwani, bahari ikipwa huacha vidimbwi vyenye maji ya uvuguvugu, na mtoto hufurahi mno humo. Ni sawa, mradi mzazi anajua saa za maji kujaa, hasa siku za bamvua. Kwa ndugu zetu wa Mwanza, Musoma na Kisumu nitakuwa mkali zaidi: msimwogeshe mtoto ukingoni mwa Ziwa Victoria. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi kwa dakika chache. Maji ya ziwa yachemshwe kisha yapoe, au yakae kwenye chombo siku mbili kabla ya kumwogeshea.

Na hapo kwenye chombo ndipo hofu yangu ilipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakijifunza kuogelea. Tazameni uani kwenu: ndoo ya lita 20 imejaa nusu, pipa halina mfuniko, karai la nguo zilizorowekwa, kisima cha jirani. Mtoto anayeanza kusimama hushika ukingo wa ndoo, huchungulia, na kwa kuwa kichwa chake ni kizito kuliko miguu, hutangulia kichwa. Hapigi kelele. Dada wa kazi yuko jikoni, simu inaita, na kila mtu anadhani mwenzake anamwangalia. Mtoto uliyemzoesha maji, tena, huyafuata bila woga. Basi kabla ya kufikiria bwawa, mwageni maji ya ndoo mkishamaliza kazi, wekeni mifuniko inayokaza, na mtajane kwa jina: sasa hivi anayemwangalia mtoto ni fulani.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala msimkamue tumbo, ingawa wazee wetu walifanya hivyo kwa nia njema. Pumzi 5 kwanza, mdomo wako ukifunika pua na mdomo wake kwa pamoja, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo huku mwingine akiita msaada. Baada ya chai tutafanya mazoezi kwa mdoli ulioko pale mezani. Naomba kila mshiriki apite mbele, na akina baba msibaki nyuma mkishika simu.