Ufa wa Nyumba ya Urithi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Kibarani)



Natoa shukrani nyingi kwa Halmashauri kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Nimetakiwa niseme juu ya kutunza na kutengeneza tulivyo navyo. Nitasema juu ya nyumba moja ya Mji wa Kale, kwa kuwa ndiyo niijuayo vyema, na makosa yake ni yangu.

Nyumba zetu za kale, kama mjuavyo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hii yataka mtu asiyeisahau. Maji ya mvua yakipata njia, huiteremkia boriti, nayo huoza pale ilipoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Wengi wetu tumeziba nyufa kwa saruji tukadhani tumefanya kazi ya maana. Saruji haipumui kama chokaa; hufunga unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na baada ya misimu michache lipu huanguka pamoja na vipande vya jiwe lenyewe. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, lakini hakuna ofisi iwezayo kupanda juu ya paa lako kila masika.

Basi kwa nini nyumba zaanguka, na mafundi wapo na chokaa ipo? Mithali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta twaijua tangu utotoni. Haikutuambia ufa ni wa nani, nyumba ikiwa ya warithi sita. Kila mmoja humngoja mwenzake. Na akitengeneza mmoja, wengine hunong'ona kwamba ataka kuimiliki peke yake.

Ndiyo yaliyotupata mimi na dada yangu baada ya kufariki mama yetu. Tuligombana kwa ajili ya kodi ya chumba kimoja cha chini, tukanyamaziana miaka minane. Yeye aishi hapa Kibarani. Mwakumbuka pahali hapa palivyokuwa: jaa la taka za mji kando ya bahari, na moshi wake. Nilipopita katika matatu nilifunga dirisha, nami nakiri mbele yenu kwamba halikuwa kwa ajili ya moshi peke yake.

Mwaka 2018 jaa lile lilianza kufungwa, na miti ikapandwa. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa, lenye urefu wa mita 457, mahali pa tuta la barabara lililowekwa mwaka 1929 likauziba mkondo. Kwa miaka zaidi ya 90 maji hayakuweza kupita pale. Sasa hujaa na kupwa chini ya daraja. Sidai kwamba hori imekwisha kupona.

Masika yaliyopita boriti ya chumba cha mama ilivunjika. Nikapanda matatu, nikaja hapa, nikabisha hodi. Dada yangu hakuniuliza habari ya kodi. Aliniuliza, "Ni ile ya upande wa dirishani?" Akaniambia aliiona imeanza kulainika mwaka ule tuliogombana, wala hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nina ombi, Bwana Mwenyekiti. Halmashauri iteue wazee watatu wa kukaa na jamaa wenye nyumba za urithi kabla ya mvua, na mfuko wa chama uwakopeshe fedha za chokaa na boriti wale watakaotia sahihi pamoja. Akija mmoja peke yake, arudishwe akamwite nduguye. Najua Bwana Mweka Hazina atauliza fedha zitoke wapi. Kodi ya chumba kile, ya miezi mitatu, tumeileta leo iwe mwanzo.

Fundi amekwisha badilisha boriti tatu, na mbili bado. Dada yangu ameketi pale upande wa akina mama. Atakaye kujua bei na amwulize yeye, maana ndiye ashikaye hesabu.