Mchumba Akiona Shaka Kabla ya Arusi

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mjini Nairobi mbele ya vijana wanaojitayarisha kwa ndoa.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulijua lakini hawapendi kulitaja. Mtu afanyeje endapo mchumba wake, baada ya posa kukubaliwa na siku ya arusi kutangazwa, amwambia kwamba moyo wake una shaka? Sisemi juu ya wale ambao hawajachumbia. Nasema juu yenu ninyi ambao kadi zenu zimekwisha pigwa chapa, kamati imekwisha kukaa mara tatu, na mjomba amekwisha kununua koti.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Kazi yangu ni kutafsiri, na mtu wa kazi hiyo huzoea kupima neno kabla ya kulitumia. Katika Kiswahili chetu hofu si shaka, wala shaka si wasiwasi. Mtu aweza kuogopa siku ya arusi, yaani kusimama mbele ya watu mia tatu katika viatu vinavyobana, hali hana shaka hata kidogo juu ya yule anayesimama naye. Wasiwasi huja pasipo sababu ijulikanayo. Huja usiku, na asubuhi huwa umepungua. Lakini shaka ina kitu cha kushika. Kuna jambo ambalo mtu ameliona, au amelisikia, au ameliuliza na hakujibiwa. Basi mchumba wako akuambiapo, "Sina hakika," usiyachukue maneno hayo kana kwamba umekataliwa. Hujui bado kama ni hofu, au wasiwasi, au shaka. Na pengine yeye mwenyewe hajui.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mmoja hukasirika na kuanza kuhesabu gharama zote tangu siku ya kwanza, hata soda waliyokunywa pamoja. Mwingine hupiga magoti na kulia mpaka mwenzake amwonee huruma, na huruma si ridhaa. Yuko tena yule ampigiaye simu shangazi yake usiku ule ule, na kabla ya jua kuchomoza habari imemfikia mwenyekiti wa kamati. Afadhali useme kwa utulivu, "Nimekusikia. Ni jambo gani hasa?" kisha unyamaze. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kuliko maneno yote.

Kama hawezi kujibu siku hiyo, wekeni siku nyingine, isiwe mbali, na mchague mahali penye faragha na heshima. Ndani ya matatu namba 46 iendayo Kawangware saa kumi na mbili jioni si mahali pake, maana humo hata mtu akinong'ona, abiria wa kiti cha nyuma huwa shahidi. Ile bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, ina njia ndefu zenye kivuli. Maharusi wengi huenda kupigwa picha huko siku yao. Si vibaya kwenda pia kabla ya siku hiyo, bila mpiga picha.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa kuwa wengi hudhani kwamba posa ikikubaliwa ni maji yaliyomwagika. Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei mwaka huo na kuondoa sheria saba za zamani, yasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sheria hiyo yasema tena kwamba ahadi ya kuoa au kuolewa haimfungi mtu aliyeitoa. Lakini yule aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amekataa kutimiza ahadi aweza kudai fidia. Tazameni jinsi mambo haya mawili yalivyowekwa bega kwa bega. Hasara yaweza kulipwa kwa fedha, lakini hakuna mahakama iwezayo kumwamuru mtu aoe.

Tena wanaotaka kuoana mbele ya Msajili wa Ndoa hawana budi kupeleka notisi ya maandishi, muda usiopungua siku 21 wala kuzidi miezi mitatu kabla ya ndoa. Ndani yake huandikwa majina, umri na makao ya wote wawili, na hali ya kila mmoja, kama hajawahi kuoa au kuolewa, au ameachana na mwenziwe, au amefiwa. Mtu yeyote mwenye kujua kizuizi cha haki aweza kupeleka pingamizi. Makanisani nako huwa kuna kutangazwa, na wengi mnafahamu desturi ya Jumapili tatu. Lakini mtu apandaye ngazi za Sheria House, pale Harambee Avenue, huziona siku zile 21 kuwa ni usumbufu wa ofisi tu, kama kungoja muhuri. Mimi naona ni kinyume. Siku hizo zimewekwa ili maswali yaulizwe. Na ikiwa mtu wa mbali apewa nafasi ya kusema neno juu ya ndoa yenu, itakuwaje mchumba mwenyewe anyimwe nafasi hiyo?

Wazee wetu nao hawakuwa wajinga katika jambo hili. Kwa Wakikuyu wa Kabete na Dagoretti, msichana aliulizwa yeye mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kama pombe iliyoletwa na upande wa mvulana inywewe au isinywewe. Siku hizi, katika sherehe nyingi, bibi arusi hufunikwa leso pamoja na wasichana wengine, na bwana arusi hutakiwa kumtambua, watu wakicheka na kupiga picha. Mchezo huo unapendeza, lakini hupima macho ya mvulana. Swali la zamani lilipima moyo wa msichana. Kwa Waislamu vile vile idhini ya bibi arusi hutafutwa kabla ya kadhi kufunga ndoa. Kwa hiyo mchumba anayesimama na kusema, "Ngojeni kwanza," hajavunja mila ya mtu. Ameuliza tu mapema lile ambalo angeulizwa baadaye.

Nitatoa mfano ambao ni wa kawaida katika mitaa ya magharibi ya mji, yaani Kangemi, Kawangware, Uthiru na kwingineko, ambako watu wa kila kabila wamepanga nyumba mlango kwa mlango. Msichana amechumbiwa na kijana ambaye kwao ni Vihiga au Kakamega. Kijana ni mpole, kazi anayo, na mahari ameanza kutoa. Lakini kwao hajampeleka. Kila likizo ya Desemba ipo sababu. Mara mvua, mara kazi, mara mama mgonjwa. Siku moja jirani kwenye bomba la maji asema neno, kwamba kijana huyu ana mke aliyeachwa nyumbani kulima. Labda ni uongo mtupu. Majirani wa bomba la maji wana mengi ya kusema. Lakini msichana hawezi kulala, na majuma matano tu yamesalia.

Kijana atakaposikia, neno la kwanza kumjia kinywani litakuwa, "Kumbe huniamini?" Neno hilo alimeze. Halijibu lililoulizwa, lamgeuza muulizaji kuwa mkosaji. Jibu ni safari. Wapande basi la usiku siku ya Ijumaa, Jumamosi wawe kwa wazazi, msichana akae jikoni na mama mkwe wake na kuzungumza naye bila kijana kusimama mlangoni. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni ndogo kuliko bei ya keki ya arusi.

Mambo haya si ya moyo tu. Ndoa ya Kikristo na ndoa ya kiserikali ni ya mume mmoja na mke mmoja, bali ndoa ya kimila na ya Kiislamu yaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja. Mwanamume aliyekwisha oa kwa mila na ndoa hiyo ingali hai hawezi kumwoa mwanamke mwingine kwa ndoa ya kiserikali. Sheria ya mwaka 2014 yataka ndoa za kimila nazo ziandikishwe, lakini zipo nyingi ambazo hazijaandikishwa hata leo. Kwa sababu hiyo kukosekana kwa cheti katika ofisi ya Nairobi hakuthibitishi jambo. Wanaojua ni wazee, mashemeji na majirani wa huko nyumbani.

Na kama yupo mke, au yupo mtoto, kijana na aseme kabla ya safari, wala asingoje msichana ajionee. Wako wanawake waliomkubali mtu na mtoto wake na wakaishi vizuri. Ambalo ni gumu kusamehe ni kufichwa. Endapo kijana akataa kabisa kusafiri, na hatoi sababu, basi msichana amepata jibu lake, na mimi singemshauri aongeze neno zaidi ya kusema kwamba arusi imesimama.

Shaka ya mwanamume mara nyingi huvaa nguo nyingine. Asema, "Sijui kama niko tayari," kumbe ataka kusema, "Sina fedha." Kamati imekutana katika hoteli ya mjini, imeandika bajeti ya magari sita na hema mbili, namba ya michango ya M-Pesa imetangazwa, na yeye hulala akihesabu deni litakalobaki. Aona haya kumwambia mchumba wake, kwa hiyo anakuwa mkimya na hasira zake zi karibu. Bibi arusi mwenye busara atamwuliza waziwazi, "Je, ni mimi, au ni gharama?" Ikiwa ni gharama, zipunguzwe siku hiyo hiyo. Kwa Msajili hapatakiwi zaidi ya wachumba wenyewe na mashahidi wawili. Juu ya mahari, sheria yasema kwamba pale mahari inapohitajiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha alama chatosha. Najua kwamba baba wakwe wengi hawataifurahia habari hiyo, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Wengine shaka yao ni mali, hasa yule aliyenunua kiwanja chake kabla ya uchumba. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yawaruhusu wanaotaka kuoana kufanya mapatano juu ya mali kabla ya ndoa. Nayo yahesabu kazi ya nyumbani na malezi ya watoto kuwa ni mchango. Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Januari 2023, ilieleza kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja hutazamwa kwa mchango wake. Kuyazungumza hayo si uchoyo.

Na iko shaka ya afya, ambayo huondolewa na kipimo kuliko maneno. Nendeni wawili pamoja. Sheria ya mwaka 2006 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi vya UKIMWI ili apate kuoa au kuolewa. Basi na iwe kwa hiari, na majibu myasikie pamoja. Waliotoka magharibi ya nchi au pwani wapime pia selimundu, maana wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya ugonjwa huo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Ni vyema kujua hayo mapema kuliko kuyajulia wodini.

Mpaka hapa nimesema juu ya shaka ambazo zina dawa. Lakini kama aliyeona shaka amepigwa na mchumba wake, hata mara moja, au ametishwa, msimwite kwenye kikao cha kupatanishwa ili arusi isiharibike. Shangazi na mama wadogo husema, "Atabadilika akioa." Mimi sijui walikolipata neno hilo. Mwacheni aondoke, na wazee wamsindikize.

Imebaki kazi ya kuwaambia watu, ambayo huwatisha wachumba kuliko shaka yenyewe. Mkikubaliana kuahirisha au kuvunja, msitume ujumbe katika kundi la simu la kamati. Waanzeni wazazi, nao waambiwe na ninyi wawili kama inawezekana, au na mzee mmoja wa kila upande. Maneno yawe machache: "Hatuko tayari siku hiyo." Hamna deni la kumweleza kila aliyechanga shilingi mia mbili sababu zenu, deni lenu kwake ni zile shilingi mia mbili. Mweka hazina ana orodha ya majina na kiasi, na fedha ambazo hazijatumika zirudishwe kwa orodha hiyo. Mahari yazungumzwe na wazee kwa mila ya nyumba husika. Mwenye ukumbi aulizwe kama atakubali tarehe nyingine kabla ya kudaiwa malipo ya kwanza.

Ikiwa mmeahirisha tu, mkaenda safari yenu, mkaulizana mliyopaswa kuulizana, na sasa wote wawili mwataka kuendelea, tazameni tarehe ya notisi yenu. Miezi mitatu ikiwa imepita, itawapasa kurudi tena Sheria House kupeleka notisi nyingine, na siku 21 zitahesabiwa upya.