MGOMBEA ALIYETOKA JESHINI: TUMWULIZE NINI?

(Hotuba kwa wanachama, Tabora)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo lililowagawa wanachama katika baadhi ya matawi. Swali ni hili: akija mtu aliyekuwa afisa wa jeshi akataka ubunge, je, utumishi wake jeshini watosha kumpa kura zetu? Wako wanaosema watosha, kwani aliyeilinda nchi ataitetea na Bungeni. Wako wanaosema askari abaki na uaskari wake. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea, na twataka kuonyesha kosa hilo kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Tutaanza kwa jirani zetu wa Kenya, kisha tutarudi hapa hapa Tabora.

Kenya alikuwapo setla mmoja mkubwa, Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck. Alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu vya Kwanza, akajeruhiwa vitani. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1930, akasimamia mambo ya kilimo, na tangu 1955 akawa Spika. Hakuna aliyeweza kumwita mwoga wala mvivu. Lakini mwanzoni mwa 1960 mkutano wa Lancaster House, London, ulipokubali kwamba Waafrika wawe wengi katika Baraza, mzee huyu aliacha kiti cha Spika. Akaongoza chama cha masetla kilichoitwa Kenya Coalition, kutetea mashamba yao na kupinga mwendo ule.

Mwezi Februari 1961 akagombea kiti cha Wazungu cha Bonde la Ufa. Mpinzani wake alikuwa Michael Blundell, setla vile vile, na afisa wa jeshi vile vile, wa Vita Kuu vya Pili. Tofauti yao ni kwamba Blundell alikubali matokeo ya Lancaster House. Kwa kukubali huko, aliporudi Nairobi, Mzungu mwenzake mmoja alimtupia miguuni sarafu 30 za fedha, maana yake wewe ni Yuda.

Sasa sikilizeni sheria ilivyokuwa. Kwanza Wazungu peke yao walipiga kura, na asiyepata robo ya kura zao aliondolewa. Katika duru hiyo Cavendish-Bentinck alimwacha Blundell mbali sana. Blundell aliponea chupuchupu kupata robo yake. Kisha ikaja duru ya pili, ya wapiga kura wa rangi zote. Hapo Waafrika walikuwa wengi, na Blundell akashinda kwa kura nyingi mno.

Ndugu wanachama, wote wawili walikuwa wametoka jeshini. Kama sifa ya jeshi ndiyo inayoamua, mwananchi wa Bonde la Ufa angechagua vipi? Aliangalia neno moja tu: huyu ataipeleka nchi wapi?

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu katika mji wetu huu. Jambo zito lilikuwa uchaguzi wa kura tatu. Ili upige kura ilikubidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umesoma hadi darasa la nane, au unashika kazi fulani. Tena ulilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walikasirika wakataka kususa. Baada ya mabishano makali wakamsikiliza Mwalimu Nyerere wakakubali kuingia. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake. Hatumtukani, uchungu wake ulikuwa uchungu wa wengi.

Lakini tazameni kilichofuata. Chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956 na kupendwa na serikali ya Gavana Twining, kilitumaini kwamba kura tatu zitakuwa boma la kuwakinga wachache. Kumbe boma lile lilikuwa na mlango, na ufunguo alikuwa nao mpiga kura Mwafrika. Mzungu aliyetaka kiti ilimbidi aje aulizwe. Wagombea waliokubaliana na TANU ndio walioshinda, Septemba 1958 na tena Februari 1959.

Mmoja wa Wazungu waliokuwa upande wetu ni Derek Bryceson. Yeye alikuwa rubani wa vita katika jeshi la anga la Uingereza, akaumia vibaya hata akatembea kwa fimbo. Nchi ilipopata uhuru 1961 alikuwa waziri. Mwaka 1965 watu wa Dar es Salaam, ambao wengi wao ni Waafrika, walimchagua kuingia Bungeni. Hawakuichagua fimbo yake.

Sisi wa Tabora twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mji wetu umekaa juu ya njia ya misafara, toka Bagamoyo hadi Ujiji. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa mabegani, wakavuka Mgunda Mkali ambako maji ni shida. Mbele yao alitangulia kirangozi. Hakufuatwa kwa sababu ya manyoya aliyovaa kichwani. Alifuatwa kwa sababu aliijua njia, na alijua kisima kiko wapi.

Tena tusisahau kwamba wapagazi na askari wa Keya nao walikwenda vitani. Wengi walirudi bila cheo, na wengine hawakurudi. Basi anayekuja kutuonyesha medali yake akumbuke kwamba mbele yake wameketi wajukuu wa waliobeba risasi zake.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mstaafu wa jeshi akija tawini, apewe kiti na maji, na utumishi wake uheshimiwe. Kisha aulizwe kama mwingine yeyote. Mkulima wa tumbaku akipunjwa bei, utasimama upande gani? Ardhi ya kijiji ikitakiwa na tajiri, utasema nini? Tukikupinga, utatusikiliza, au utatuamuru kama kombania? Anayejibu vizuri apewe kura. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Wala tusiwasubiri wazee peke yao waulize. Kijana na mama mwenye kadi ana haki ile ile. Mwaka 1958 walioruhusiwa kupiga kura walikuwa wachache, wakaitumia vizuri. Leo tumeruhusiwa wote. Itakuwa aibu tukiitoa kwa saluti.