Faili Lisilofika Mezani

Msikilizaji, ukifika Mandera mjini, upande wa mpaka unaotazama mji wa Bula Hawa wa Somalia, utakutana na ua: nguzo za saruji, seng'enge na handaki. Mradi ulitangazwa 2015 kwamba ungewazuia Al-Shabaab, na ulikusudiwa kuteremka hadi Kiunga, kilomita zipatazo 700. Bunge la 12 lilipouliza kazi imefika wapi, likaelezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 zimetumika na ua una urefu wa kilomita 10. Piga hesabu mwenyewe: milioni 340 kwa kila kilomita ya waya. Wabunge wakaghadhabika, wakapiga kura ujenzi usimamishwe.

Vyema. Lakini ghadhabu haikuonyeshi mkataba, wala ankara, wala aliyeuza nguzo. Na huku kwetu Kaskazini Mashariki, ofisi ikishasema "hayo ni mambo ya usalama," mwenye kuuliza hukunja daftari lake akaenda zake.

Si kwamba sheria haina meno. Kifungu cha 125 cha Katiba kinaipa kamati yoyote ya Bunge uwezo wa Mahakama Kuu wa kumlazimisha mtu atoe stakabadhi. Kifungu cha 195 kinayapa mabunge ya kaunti uwezo huo huo. Anayepuuza wito wa kamati ya Bunge anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000. Laki tano! Kaunti ya Mandera hupata mgao wa zaidi ya bilioni 11 kwa mwaka. Afisa mwenye jambo la kuficha atailipa faini hiyo asubuhi na mchana akale nyama ya ngamia bila wasiwasi.

Tena wengi hata hawakatai kufika. Wanafika, wamevaa suti, wana mawakili. Kisichofika ni faili. Mkaguzi Mkuu anapokagua, hesabu za kaunti nyingi nchini hurudi na maneno yale yale: stakabadhi hazikutolewa. Kisha, muda mrefu baadaye, gavana akikaa mbele ya maseneta, faili linaibuka nene, mihuri yote ipo. Karatasi iliyojitokeza baada ya mkaguzi kuondoka, nani ataapa iliandikwa lini? Kwa maoni yangu, kamati isiipokee kabisa.

Mwakilishi wadi naye tusimlaumu kupita kiasi. Anatakiwa kumbana gavana ambaye wadi inamtegemea kwa kisima, barabara na basari. Akiuliza sana, wazee wa ukoo watamwita wamwambie atulie. Seneta wetu, Ali Roba, alikuwa gavana wa Mandera kwa mihula miwili kabla ya kwenda Seneti 2022. Ameketi kwenye kiti cha kujibu na sasa ameketi kwenye kiti cha kuuliza. Wachache nchini wanajua vizuri kama yeye faili hupitia meza zipi.

Lakini faili zito kuliko yote ni la Wajir. Februari 1984, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakaachwa juani bila maji, wengi wakauawa. Mbunge Ahmed Khalif Mohamed alilipeleka jambo hilo Bungeni akitaka ukweli. Serikali ikajibu kwamba waliokufa ni 57. Manusura wakataja mamia, wengine maelfu. Serikali ilikuwa imeunda kamati yake ya uchunguzi, iliyojulikana kama kamati ya Etemesi, na ripoti yake haikuwafikia wananchi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliiomba ripoti hiyo, haikuipata, na 2013 ikakabidhi taarifa yake kwa Rais bila kuisoma. Tume iliyoundwa na Serikali ilinyimwa karatasi na Serikali hiyo hiyo.

Ahmed Khalif hakuwa na Kifungu cha 125. Alikuwa na sauti yake tu, chini ya chama kimoja. Leo Garissa, Wajir na Mandera zina maseneta watatu, na kila mmoja anaweza kusimama Seneti akataka kamati iiitishe ripoti ya Etemesi. Katiba haikutaja umri wa faili.